Tulivyowazoesha Mbega

Kwa muhula mzima nilipewa alama kwa kujifanya natafuna majani. Sisemi kwa mzaha. Shahada yangu imetiwa fremu na kutundikwa ukutani kwa mamangu Kisauni, karibu na picha ya Makka, na sehemu ya shahada hiyo niliipata nikiwa nimechuchumaa kichakani upande wa Likoni, nimevaa fulana ya manjano juu ya buibui, nimeuma tawi kama mbuzi wa akika. Mhadhiri wetu alikuwa akipita nyuma yetu akinong'ona, "Tafuneni kwa utulivu. Mbega hatishwi na mlaji mwenzake." Na watu wazima, wengine wana ndevu, wakazidi kutafuna.

Somo lenyewe liliitwa mbinu za utafiti wa wanyamapori katika msitu wa kitropiki. Jina lilikuwa kubwa kuliko msitu. Vyuo vyenye uwezo hupeleka wanafunzi wao kwenye misitu ya kweli, wakalala kwenye mahema na kuamshwa na ndovu. Chuo chetu kilitupeleka nyuma ya nyumba ya shangazi yangu. Ni kipande cha kichaka kilichoota juu ya mawe ya matumbawe, ng'ambo ya kivuko, kabla hujafika mpaka wa Kwale. Upande mmoja nyumba ya shangazi, upande wa pili maploti yaliyoanza kujengwa, na katikati miti iliyoshikana kwa miiba na mizizi. Kilikuwa kimesalia kwa sababu moja tu, kwamba ukipiga sururu pale inakurukia usoni. Mhadhiri alikiona siku aliyokwenda harusini mtaani hapo, na darasani akatuambia kwamba amekigundua. Shangazi ameishi pale tangu aolewe. Hakujua kuwa siku zote hizo alikuwa hajagunduliwa.

Ndani ya kichaka hicho mlikuwa na kundi moja la mbega. Kwa asiyemjua, mbega ni wa jamii ya kima, lakini mweusi, ana manyoya meupe marefu mabegani kama aliyejitupia shali, na mkia mrefu wenye ncha nyeupe. Mtoto wake huzaliwa mweupe pe. Haibi kuku wala mahindi. Chakula chake ni majani, na mla majani hana haraka ya maisha. Upande ule wa Likoni, kundi hilo ndilo lililobaki. Wakiisha hao, wameisha.

Shangazi hakuwapenda hata kidogo. Aliamini wana chawa. Mlangoni pake kulikuwa na rundo la vipande vya mawe vilivyobaki shimo la choo lilipochimbwa, na akiona mkia kwenye mkwaju wake, jiwe linakwenda. Kima mwizi au mbega asiye na hatia, kwake wote mamoja. Mbega wakimwona tu akiinama, walikuwa wakiruka juu ya miti mpaka husikii tena ila majani. Ndivyo walivyokuwa tangu nilipokuwa mdogo nikilala kwake: wao juu, sisi chini, na heshima katikati.

Sasa, huwezi kumtafiti mnyama anayekukimbia. Hilo ndilo tulilofunzwa mwanzo, na lina mantiki yake. Kwa hiyo kazi yetu ya muhula ilikuwa kuwazoesha mbega wale watu, mpaka wakubali kukaa, kula na kunyonyesha mbele ya macho yetu. Kulikuwa na kipimo chake, kinaitwa umbali wa kukimbia. Unamwendea mnyama polepole, akikimbia unapima alikuwa mbali nawe kiasi gani. Umbali ukipungua wiki kwa wiki, umefaulu. Mhadhiri alitaka grafu inayoteremka, na alama zetu zilipanda kadiri ilivyoteremka.

Njia ya kuipata grafu hiyo ilikuwa na masharti ya mganga. Lazima sote tuvae fulana za rangi moja, ili mbega wazoee rangi. Usimtazame machoni. Ukae chini, utafune majani au ujikune kwa starehe. Mmoja wetu alichagua majani yake bila kuuliza, midomo ikamvimba hata hakuweza kutamka jina lake, na mhadhiri akamsifu kwa kujitolea. Sharti la mwisho ndilo lililonishinda. Mhadhiri alitaka sauti moja ya kuwajulisha mbega kwamba tunakuja, sauti ambayo hakuna kiumbe mwingine wa msituni anayeitoa, wakishaisikia wajue ni rafiki. Akachagua kufyonya.

Nilidhani sikusikia vizuri. Kufyonya ni kuvuta mate menoni kwa dharau, na kwetu pwani ni tusi lisilohitaji maneno. Watu wamepigana kwa fyonyo. Ndoa zimevunjika kwa fyonyo. Nikainua mkono, nikamwambia mhadhiri kwamba tutakuwa tunapita uani mwa watu, na watu hao wana masikio. Akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyesoma ng'ambo.

"Katika sayansi," akasema, "hakuna matusi. Kuna sauti tu."

Siku ya pili, jeshi zima la fulana za manjano likapita mbele ya baraza ya shangazi likifyonya kwa zamu. Shangazi alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua mchele. Hakunyanyuka. Alingoja nipite mimi, akaniita.

"Wewe! Ndoo hapa."

"Abee, shangazi."

"Wenzio hawa walelewa na nani? Nimeketi kwangu, simsemi mtu, wapita wanifyonya mmoja baada ya mwengine. Hata salamu hawana!"

Nikamweleza kwamba si yeye anayefyonywa, ni mbega, na kwamba ni kwa wema. Shangazi aliweka chini ungo wa mchele.

"Kwani huyo mbega," akauliza, "hajui shikamoo?"

Katika jeshi hilo, aliyenikera kuliko wote ni kiongozi wa darasa. Kijana wa bara, kofia yake imefungwa kamba kidevuni hata ndani ya nyumba, darubini kifuani mchana kutwa, na sauti ya mtu anayehutubia mkutano. Shangazi alimwita "shosho" mara ya kwanza walipoonana, na shangazi, ambaye hajawahi kukubali hata kuitwa bibi, hakumjibu hadi leo. Huyo ndiye aliyeona kwamba mambo yanakwenda polepole, akaenda Kongowea akanunua ndizi mbivu, mikungu kwa mikungu, akakodi mkokoteni mpaka barabarani na kuvuka nazo kivuko kama bwana harusi anayepeleka mahari. Nikamwambia kwamba mbega hali ndizi mbivu. Tumbo lake ni la majani, na jambo hilo liliandikwa katika kitabu alichokibana kwapani wakati ule tukizungumza.

"Dada," akanijibu, "kila nyani anapenda ndizi. Hiyo hata mtoto anajua."

Ndizi zikatandazwa chini ya miti. Kima wakaja wakala wakashiba, wakarushiana maganda. Mbuzi wa shangazi wakaja. Kwa muda wa wiki moja mbuzi wale walikuwa wametuzoea hivi kwamba wakisikia fyonyo wanakuja mbio, na kama grafu ingekuwa ya mbuzi, tungemaliza somo mapema tukarudi makwetu. Mbega walikaa juu kabisa ya mbambakofi wakitutazama. Sijui mbega huwaza nini, lakini siku hiyo niliona tunawaza jambo moja.

Kikwazo kikubwa kilikuwa shangazi. Kila tulipowavuta mbega wakateremka kidogo, jiwe lilitoka barazani na grafu ikapanda. Kiongozi wa darasa akashtaki. Basi mhadhiri mwenyewe akaja kwa shangazi, akapanda barazani na viatu, akakanyaga mkeka, akaketi bila kukaribishwa.

"Mama," akasema, "mawe yako yanarudisha utafiti nyuma. Tunaomba uwache. Hawa ni wanyama adimu, na wewe unawaogofya."

Shangazi alikuwa akitazama viatu vya mhadhiri.

"Na huyu mtoto wa ndugu yangu," akauliza, "utafiti huo ukirudi nyuma, yeye atafaulu?"

"Hatafaulu," mhadhiri akasema. "Hakuna atakayefaulu."

Shangazi alinilea nusu ya maisha yangu. Ni yeye aliyeniamsha alfajiri nisome, na ni yeye aliyegombana na watu waliosema msichana aolewe kwanza. Alinyanyuka. Kisha akaniita nimsaidie, tukayahamisha mawe yote kutoka mlangoni, tukayamwaga nyuma ya choo.

"Basi, yamekwisha," akamwambia mhadhiri. "Lakini wakinitia chawa, mwalimu, utakuja kunikogesha mwenyewe."

Mhadhiri akacheka akidhani anatania.

Tangu siku ile grafu iliteremka kama iliyopakwa mafuta. Mbega waliacha mbambakofi wakaja kwenye mkwaju, wakaacha matawi ya juu wakaja ya chini. Tukawajua mmoja mmoja. Kulikuwa na dume kubwa lililopenda kuketi limekunja mikono kama mzee anayengoja adhana. Kulikuwa na mama mmoja mwenye sikio lililochanika, na kifuani pake mtoto mweupe kama pamba. Siku moja tulipofyonya, mama huyo aliteremka mpaka tawi la usawa wa kichwa changu, akaketi, akaanza kunyonyesha. Ningeweza kunyoosha mkono nikamgusa. Kiongozi wa darasa, huku machozi yanamlenga, akajipiga picha naye.

"Wasee," akasema kwa sauti ya chini, "tumeiva."

Na mimi moyo uliniruka, siwezi kuficha. Mnyama wa mwituni akikutazama usoni asikimbie, unajiona umechaguliwa. Hisia hiyo ni hongo, na fani yetu yote inaendeshwa kwa hongo hiyo. Watu huandika vitabu kwa ajili yake, huacha wake zao. Huoni aibu kwamba mnyama yule alikuwa na kitu kimoja tu cha kumlinda, nacho ni woga, na wewe umemvua.

Mawazo hayo yalinijia usiku wa siku hiyo, na wiki iliyofuata nikayapeleka darasani. Nikamuuliza mhadhiri: sisi tukishaondoka, mbega watajuaje kwamba si kila mtu ni mwanafunzi? Nani atawafunza kuogopa tena?

"Swali zuri sana," akasema. "Liandike kwenye mapendekezo."

Darasa zima likaandika. Kiongozi wa darasa akalipigia mstari. Hakuna aliyelifikiria, walilipigia mstari tu, kisha wakatoka kwenda kunywa soda. Nimekaa na wasomi miaka mingi sasa na bado sijaona kaburi la maswali kubwa kuliko mapendekezo ya ripoti.

Muhula ukaisha. Sote tulifaulu, tena vizuri. Wenzangu wakaenda Shanzu kusherehekea, wakacheza ufuoni na fulana zao za manjano, na baada ya hapo fulana zikawa za kupigia deki. Kuna aliyeipangusia pikipiki. Mimi yangu niliifua nikaikunja, si kwa mapenzi, ila kwetu hatutupi nguo nzima.

Shangazi alinipigia simu kabla hata cheti hakijatoka.

"Lile dume lenu limekufa," akasema. "Ndoo utazame."

Nikavuka. Dume lilikuwa limelazwa kando ya ukuta wa ploti ya jirani, juu ya mchanga wa kujengea, na shimo la mshale chini ya mbavu. Aliyelipiga alikuwa mlinzi wa ploti ile. Walinzi wengi huku kwetu hulinda kwa upinde na mishale, na huyu upinde wake ulikuwa umeegemezwa kwenye mfuko wa saruji. Nilifika nimejaa matusi, nimeyapanga njiani tangu feri. Lakini mlinzi alikuwa mtu mzima, mpole, na aliponiona nalia alivua kofia.

"Dada, mimi sikumchokoza," akasema. "Alishuka mpaka hapa kwa mchanga akakaa. Akaniangalia. Nikamwambia toka, hatoki. Nikamtupia mkono, hatoki. Nikaona huyu ananidharau, nikamfyonya." Akaitazama kofia yake mkononi kama anayeona haya. "Dada, kumfyonya, akakuja! Akakuja mpaka hapa kwa mguu wangu. Sasa mnyama wa msitu ukimfyonya na anakuja, huyo si ana kichaa? Niliogopa ataniuma."

Matusi yangu yote yakanikauka mdomoni. Mtu yeyote mwenye akili timamu, akiona mnyama wa porini anamkaribia bila woga, atasema ana kichaa. Watu wa kawaida wote wanajua hivyo. Ilihitaji chuo kikuu kizima, na grafu, kusahau.

Nikampigia mhadhiri. Alisikitika kweli, nadhani. Alisema pole mara kadhaa. Kisha akauliza kama kichwa kilipasuka, maana maabara haina fuvu la mbega dume, na akanieleza namna ya kulichemsha ili nyama itoke bila kuharibu meno. Nilikata simu. Tulilizika dume lile mimi na mlinzi, nyuma ya choo cha shangazi, karibu na yale mawe.

Haukupita muda, mwengine akala mshale kwenye ploti ya mbele, kwa sababu zilezile. Habari zikaenea kwamba kuna kima weusi wana kichaa na kwamba wanawafuata watu. Mama mmoja alimfyonya mumewe uani kwake, wakashuka mbega wawili. Inachekesha ukiisimulia, lakini mama yule alikuwa na mtoto mchanga kwenye mkeka, na alipiga mayowe mpaka mtaa ukajaa. Wenye maploti wakakutana. Ikasemwa kwamba atafutwe mtu mwenye bunduki aje awamalize wote kwa siku moja, kabla hawajamuuma mtoto wa mtu. Nilikuwepo kwenye mkutano huo, nimesimama nyuma na elimu yangu ya chuo. Nikajaribu kueleza kwamba hawana kichaa, wamezoeshwa tu.

"Wamezoeshwa na nani?" mwenye ploti mmoja akauliza.

Nikasema na chuo. Watu wakacheka kwa muda mrefu. Nani asiyecheka? Wakanipa nafasi mpaka mfungo wa Ramadhani uanze. Ikiwa kufikia hapo bado wanateremka kwenye nyua za watu, mwenye bunduki ataitwa.

Siku iliyofuata nikatoka Kisauni na ile fulana ya manjano mkobani. Shangazi alipoiona alielewa kabla sijasema neno.

"Mie niliwafunza vizuri," akasema, na alikuwa ameudhika kwelikweli, kama mwalimu aliyeharibiwa darasa. "Miaka yote! Hakuna aliyekuwa akitia mguu hapa. Mkaja nyinyi na mifyonyo yenu. Haya, tupa wewe. Mimi bega haliinuki tena."

Na hata kama lingeinuka, lisingefaa. Jiwe la shangazi lingewafunza kumwogopa shangazi. Waliowavua woga walikuwa watu wa fulana za manjano, na fulana hiyo ndiyo iliyopaswa kutisha sasa, pamoja na sauti yake. Nikaivaa juu ya buibui. Nikajaza mawe kwenye ndoo. Nikasimama chini ya mkwaju, nikafyonya.

Wakaja. Waliteremka kwa furaha, wallahi, kama watoto waliomwona mjomba. Mbele kabisa alikuwa mama mwenye sikio lililochanika. Mtoto wake alikuwa ameanza kuwa mweusi, mabaka mabaka. Mama akakaa kwenye lile tawi lake, usawa wa kichwa changu, akanitazama.

Nikatupa jiwe pembeni. Mtoto akalifuata kwa macho, akadhani ni mchezo. Nikatupa la pili, pembeni tena. Hakuna aliyetikisika. Walikuwa wakiniamini kuliko nilivyowahi kuaminiwa na mtu.

"Wamtekenya?" shangazi akapiga kelele barazani. "Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe! Tupa!"

Nikatupa la tatu kwa nguvu zangu zote. Likampata mama pajani. Alitoa sauti ambayo muhula mzima hatukuirekodi, akamkumbatia mtoto, na kabla hajaruka alinitazama mara moja tena kuhakikisha kwamba ni mimi. Kisha kundi zima likapaa. Nikawafuata mbio chini ya miti nikipiga kelele, natupa, nafyonya, miiba inanichana buibui, mpaka nikagonga ukuta wa ploti. Hapo nikaketi chini nikalia kwa sauti, nikapenga kamasi kwa fulana ya sayansi. Mlinzi alinichungulia juu ya ukuta, akarudi zake.

Nilikwenda tena na tena. Nilikuwa nafika, navaa, nafyonya, na kila aliyethubutu kuteremka alipata jiwe. Sikukosea shabaha tena kwa makusudi. Umbali wa kukimbia uliongezeka kila nilipokuja, sikuupima, niliuona. Kwanza waliacha tawi la chini. Kisha wakaacha mkwaju. Hata mbuzi wa shangazi waliacha kunijia, na hao walinikumbuka kwa ndizi. Ramadhani ilipoandama, mtu akifyonya upande ule, iwe mlinzi, iwe mke amchukiaye mumewe, miti ilikuwa inatikisika juu kabisa na kunyamaza. Watu wakasema kichaa kimewatoka. Mwenye bunduki hakuitwa. Ndiyo kazi pekee ya uhifadhi niliyowahi kuifanya maishani mwangu, na hakuna aliyenipa alama.

Baada ya Idi, nikiwa nimekwenda kumsalimu shangazi, nikapitia uani na mawe yangu mawili matatu kwa mazoea. Nilikuwa nimetoka kumtimua mmoja aliyekaa chini kidogo, jiwe jingine liko mkononi, niliposikia watu nyuma yangu. Mhadhiri alikuwa amesimama pale na darasa jipya, na fulana zao bado zilikuwa za manjano. Yuko mpya mwenye kofia ya kamba kidevuni. Nadhani huzaliwa mmoja kila mwaka.

Msichana mmoja alikuwa ameshika mdomo kwa mshtuko.

"Dada, hao ni wanyama adimu!" akasema. "Wamekukosea nini?"

Mhadhiri alinitambua. Nilimwona akitambua, kwanza sura, kisha jiwe.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

Hakuitikia. Aliwageukia wanafunzi wake.

"Huyu alikuwa mwanafunzi wangu," akawaambia. "Alikaa na mbega hawa muhula mzima. Tazameni. Mkitaka kujua kwa nini nchi hii haiendelei, tazameni."

Wakanitazama. Kisha wakaingia kichakani, wakifyonya. Shangazi barazani akajitanda leso na kusema kwa sauti, ili asikike, "Warudi tena wale wasio na salamu."

Walikaa mle kwa muda mrefu. Nilikunywa chai na shangazi, tukala kaimati zilizobaki za Idi, na kutoka kichakani tukawa tunasikia fyonyo moja baada ya nyingine, na kati yake watu wakitafuna majani. Walipotoka walikuwa na miiba kwenye nywele na nyuso za watu waliodanganywa. Mhadhiri alisimama chini ya mbambakofi, jasho linamtiririka, akawaamuru watoe kalamu.

"Andikeni kwamba hawapo," akasema. "Kundi lilikuwepo, sasa limetoweka. Hatutakuja hapa tena."

Akaniita. Nadhani alitaka nikiri mbele ya darasa.

"Ni kweli au si kweli?" akauliza. "Wamekwisha?"

Juu ya kichwa chake, mbali sana juu, ncha nyeupe ya mkia ilikuwa inaning'inia kati ya majani, imetulia tuli. Pembeni yake palikuwa na mkia mwengine, mdogo. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeinua macho; walikuwa wanaandika.

"Ni kweli, mwalimu," nikasema. "Wamekwisha."

Nikawaonyesha njia ya kurudi kivukoni.